Januari haingoji moko: barua ya wazi kwa wakuu wa shule za Kidato cha Tano na Sita

Ndugu Wakuu wa Shule,

Yah: Alama tarajiwa na maelezo ya mwalimu kwa wanafunzi wanaoomba vyuo vikuu vya Uingereza

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi ni walimu wa taaluma na washauri wa wanafunzi. Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Agosti inayofuata, tunakaa na vijana wa Kidato cha Sita na wazazi wao mbele ya fomu ya UCAS, mfumo mmoja ambao maombi karibu yote ya shahada ya kwanza Uingereza hupitia. Tunawaandikia ninyi badala ya kuviandikia vyuo vya huko, kwa sababu sehemu ya fomu yenye uzito mkubwa kuliko zote hajazi mwanafunzi wala chuo. Inajazwa ofisini kwenu, au haijazwi kabisa.

Hapa Tanzania kijana huomba chuo akiwa na matokeo mkononi. Mtihani Mei, matokeo kwa kawaida Julai, kisha madirisha ya udahili yanafunguliwa. Uingereza wanaanza na maombi, wanatoa ofa yenye masharti, mtihani unafuata. Chuo kinapoamua hakina cheti cha Kidato cha Sita cha kukitazama. Kina matokeo ya Kidato cha Nne, maelezo binafsi ya mwombaji, na maneno ya shule: alama ambazo shule inatarajia atapata, na mwalimu anamsema vipi. Shule isipotoa alama tarajiwa, chuo hakina namna ya kumpima mtoto wenu dhidi ya mtoto wa Leeds au wa Lagos ambaye shule yake imezitoa.

Tarehe zenyewe ni hizi. Anayeomba Oxford au Cambridge (hawezi kuomba vyote viwili mwaka mmoja), au udaktari wa binadamu, wa meno au wa mifugo popote pale, mwisho wake ni 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia ule wa kuanza masomo. Wengine wote mwisho ni Januari. Kwa wanaoanza 2026 ilikuwa 14 Januari 2026. Fomu inasema 18:00, nayo ni saa ya Uingereza. Oktoba wao bado wako kwenye saa za kiangazi, kwa hiyo ni saa 2 usiku kwetu. Januari ni saa 3 usiku. Fomu huhesabiwa kuwa imefika pale tu maelezo ya mwalimu yanapokuwa ndani na ada imelipwa. Mwanafunzi aliyemaliza sehemu yake tangu Novemba, huku mwalimu akiwa bado hajaandika, kwa UCAS hajaomba kitu.

Hatusemi Januari ikipita mambo yamekwisha. Hadi 30 Juni fomu bado hupokelewa na kupelekwa vyuoni, na kozi nyingi huwa na nafasi kwa wanaotoka nje. Tofauti ni kwamba aliyewahi Januari chuo kinalazimika kumtazama sawa na wenzake wote; aliyechelewa hutazamwa kama nafasi zimebaki. Kozi zinazogombaniwa hazibakizi.

Sasa moko. Jibu tunalopewa mara nyingi tukiomba alama tarajiwa mwezi Novemba ni kwamba shule inangoja moko, yaani mtihani wa utamilifu, ili iseme kwa uhakika. Nia ni njema, lakini hesabu haikubali. Moko ya mkoa au ya kanda mara nyingi huja Februari au baadaye. Ikisahihishwa na kurudi, Januari imeshakwenda zake. Alama tarajiwa lazima zitokane na mlicho nacho kufikia Novemba: mtihani wa kumaliza Kidato cha Tano, majaribio ya Kidato cha Sita tangu Julai, na rekodi ya shule yenyewe.

Hiyo rekodi ya shule ndiyo hazina isiyotumika. Baraza la Mitihani huweka matokeo mtandaoni shule kwa shule, kila namba ya mtahiniwa na alama za kila somo. Chukueni miaka mitatu iliyopita. Kando ya kila namba andikeni alama ambazo mwanafunzi huyo alipata kwenu mwisho wa Kidato cha Tano. Mtaona wenyewe: waliopata, tuseme, kati ya 55 na 64 kwenye Kemia ya ndani, wengi wao baraza liliwapa nini? Walimu wetu wa sayansi husahihisha kwa mkono mzito, na ni jambo la kawaida mwenye 58 ya darasani kutoka na B ya taifa. Mwalimu akiichukua 58 hiyo na kuandika D kwa sababu ngazi ya baraza inasema D ni 50 hadi 59, amemfungia mlango mtoto kwa uaminifu wake mwenyewe. Mwongozo wa UCAS unataka alama ambayo mwanafunzi huenda akaipata mambo yakimwendea vizuri, ya juu lakini inayofikika.

Upande wa pili nao upo, na tuuseme bila kuficha: shule inayoandika AAA kwa kila anayegonga mlango. Vyuo vina kumbukumbu. Shule ikitabiri A tatu kwa watoto kumi na watoto hao wakaleta C, mwaka unaofuata neno la shule hiyo halisomwi kwa uzito uleule, na anayeumia ni mtoto wa mwaka huo ambaye A zake ni za kweli.

Tena andikeni alama, somo kwa somo. Msiandike daraja wala pointi. Kwetu daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, na pointi 3 ndiyo kilele. Kwenye jedwali la UCAS mambo ni kinyume: A ya A-level, mtihani wao wa kidato cha sita, ni pointi 48, A yenye nyota 56, na kadiri zinavyozidi ndivyo bora. Afisa udahili anayesoma mafaili ya nchi themanini akikuta “Division I, point 4” bila maelezo, hajui kama amshangilie au amwonee huruma. Wekeni ngazi yenyewe kwenye maelezo: A kuanzia 80, B kuanzia 70, C kuanzia 60. Huko A ya 80 ina heshima yake ikielezwa, na isipoelezwa haina.

Tuje kwenye maelezo ya mwalimu, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza wengi.

Barua inayotoka shuleni kwa kawaida ni barua ya tabia njema. Tunaijua kwa moyo: huyu ni mwanafunzi mtiifu, mwenye heshima kwa walimu na wanafunzi wenzake, hajawahi kupatikana na kosa lolote la nidhamu, tunampendekeza bila kusita. Mhuri, saini, tarehe. Kwa mwajiri wa hapa barua hiyo inatosha. Kwa mtu anayechagua nani asome Fizikia haina hata neno moja la kumsaidia. Linganisheni na sentensi hizi mbili: “Katika darasa la PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) lenye wanafunzi 64 alikuwa wa 3 kwa Fizikia mwisho wa Kidato cha Tano. Kwenye jaribio la jiwe linalobembea aliona mwenyewe kwamba kupima mbembeo mmoja kwa saa ya mkononi kunaleta kosa kubwa, akapima mibembeo 20 na kugawanya.” Mwalimu wa somo anayo mambo ya namna hii kichwani. Mkuu wa shule hana, na halaumiwi, ana watoto mia nane. Basi mkuu asiandike peke yake. Amwite mwalimu wa somo linaloombewa.

Tangu waombaji wa mwaka 2024 maelezo hayo yamegawanywa sehemu tatu. Ya kwanza ni kuhusu shule, na inaweza kuandikwa mara moja kisha ikatumika kwa waombaji wote wa mwaka: idadi ya wanafunzi, tahasusi zilizopo, darasa lina watoto wangapi, ngazi ya alama za baraza, na kwamba masomo yote isipokuwa Kiswahili yanafundishwa kwa Kiingereza tangu Kidato cha Kwanza. Ya pili ni mazingira yaliyomwathiri mwanafunzi: maradhi, msiba, maabara iliyokaa bila mwalimu wa Kemia muhula mzima. Wakuu wengi huiacha wazi wakidhani ni kuianika shule. Hapana. Chuo kinachojua kwamba B ile imepatikana bila mwalimu kinaisoma vingine. Ya tatu ni ya mwanafunzi na somo lake, kama tulivyoonyesha.

Maelezo haya huchapwa ndani ya mfumo. Hayaskaniwi, na mhuri hauna pa kugongwa. UCAS humtumia mwalimu kiungo kwa barua pepe, na barua pepe hiyo inatakiwa iwe ya shule, si ile ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwa jina la mkuu. Shule yenye barua pepe yake na mwalimu mmoja anayeifungua kila siku imemaliza nusu ya kazi. Shule yaweza pia kujisajili UCAS kama kituo, na maombi yote ya wanafunzi wake yakaonekana mahali pamoja. Jambo hilo si la shule za kimataifa peke yake.

Maelezo binafsi ni kazi ya mwanafunzi, tutayapitia haraka. Tangu maombi ya 2026 si insha moja tena. Ni majibu ya maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa na kina faida gani. Jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kila jibu lisipungue 350. UCAS hulinganisha kila andiko na mengine yote yaliyowahi kupita kwake. Wakala anayewauzia watoto kumi andiko moja anawauzia tatizo. Na mjue kwamba mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo, hivyo orodha wanayomletea mzazi ni ya vyuo vinavyowalipa.

Kuna jambo la Kidato cha Nne ambalo huja kugundulika limechelewa. Kozi nyingi zinataka Hisabati na Kiingereza za ngazi hiyo, na kwa kawaida C ndiyo inayotakiwa. Kijana wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) mwenye D ya Hisabati anaweza kuwa na A tatu tarajiwa na bado akakataliwa. Akiambiwa mapema akiwa Kidato cha Tano, anaweza kuurudia Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akiambiwa akiwa Kidato cha Sita, usajili umefungwa zamani. Orodha ya wenye D kwenye masomo hayo mawili mnayo tangu siku wanaripoti. Kuhusu IELTS, mtihani wa kimataifa wa lugha ya Kiingereza, baadhi ya vyuo hukubali alama ya Kiingereza ya sekondari badala yake na vingine havikubali. Aulizwe afisa wa kila chuo, asiulizwe wakala. Mtihani huo ukifanywa hudumu miaka miwili tu.

Majina. Baraza linamsajili mtoto kwa majina matatu: lake, la baba, la babu. Pasipoti inayapanga vingine, mara nyingine babu ndiye anayekuwa jina la ukoo, mara nyingine jina moja limeachwa. Cheti cha kuzaliwa nacho kina tahajia yake. Fomu ya UCAS ijazwe kama pasipoti, na tofauti na vyeti itajwe mapema kwa chuo, ikiambatana na kiapo cha mwanasheria pale panapohitajika. Herufi moja tu, “Mohamed” dhidi ya “Mohammed”, imetosha kusimamisha uthibitisho wa matokeo wiki nzima ya Agosti ambayo hakuna mwenye wiki ya kupoteza. Tunachoomba kwenu: kabla ya kupeleka majina ya usajili wa mtihani, waulizeni wanaotarajia kwenda nje walete nakala ya pasipoti na cheti cha kuzaliwa.

Kisha JKT. Mtihani ukiisha Mei, wahitimu huitwa kambini kwa mujibu wa sheria. Mwanzoni mwa Juni ndipo UCAS inapomtaka aliyepata majibu ya vyuo vyake vyote achague ofa mbili, ya kwanza na ya akiba. Asipojibu, mfumo unazikataa ofa zote kwa niaba yake. Kambini simu mara nyingi haiko mkononi. Dawa yake ni ndogo na imo ndani ya fomu yenyewe: mwanafunzi anaweza kumtaja mtu mmoja, mzazi au mwalimu, aruhusiwe kuzungumza na UCAS kwa niaba yake. Ajaze jina hilo kabla hajaondoka shuleni, na amwachie uamuzi wake kwa maandishi. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kipimo cha kifua kikuu na alama za vidole za viza vinamtaka yeye mwenyewe afike Dar es Salaam. Tunaiomba Wizara na Jeshi la Kujenga Taifa utaratibu wa ruhusa au wa kuahirisha ubandikwe shuleni kabla ya Mei, ukitaja ni barua gani ipelekwe na kwa nani.

Mtasema fedha si kazi ya mkuu wa shule. Ni kweli, lakini kikao cha wazazi wa Kidato cha Tano ndicho mahali pekee ambapo wazazi wote wanapatikana, na sheria ya viza inagongana moja kwa moja na namna tunavyosomesha. Kwetu mtoto husomeshwa na ukoo. Mjomba ana nyumba ya kupanga, shangazi yuko Muscat, baba mdogo ana duka. Sheria ya Uingereza inatambua fedha zilizo kwenye akaunti ya mwanafunzi, ya mzazi wake au ya mlezi wake wa kisheria, si ya mjomba wala ya shangazi. Fedha za mjomba, hata ziwe mara tatu ya zinazotakiwa, zikiwa kwenye akaunti ya mjomba ni fimbo ya mbali. Zihamishiwe kwa mwanafunzi au mzazi, zikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki isizidi siku 31 siku ya kuomba. Akaunti ikiwa ya mzazi, pawe na cheti cha kuzaliwa chenye jina lake na barua yake ya ridhaa.

Kiwango chenyewe, tangu 11 Novemba 2025, ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa London na 1,171 nje ya London, kwa miezi isiyozidi 9: yaani 13,761 au 10,539. Hiyo ni ya kujikimu. Juu yake iongezwe ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki. Mchango wa afya, pauni 776 kwa mwaka, hulipwa wote kwa mkupuo. Kwa shahada ya miaka mitatu haupungui pauni 2,328. Shilingi hupanda na kushuka, na wao hukokotoa kwa bei ya siku ya maombi, kwa hiyo anayeweka kiasi kilekile bila nyongeza anajitafutia kukataliwa kwa tofauti ya bei ya chai.

Hesabu ya siku ndiyo tunayotaka mzazi aione ubaoni. Matokeo yakitoka katikati ya Julai, sisi tuko mbele ya Waingereza wenyewe, ambao hupata yao katikati ya Agosti. Faida hiyo ya mwezi mzima huliwa na benki. Mzazi anayengoja chuo kitoe namba ya CAS, uthibitisho wa udahili unaotakiwa kwa viza, tuseme 10 Agosti, ndipo akusanye fedha, anafika 7 Septemba kabla hajaruhusiwa kuomba; ongezeni wiki tatu za uamuzi wa viza, ni 28 Septemba, darasa limeshaanza. Aliyeziweka fedha tangu mwanzo wa Julai anaomba 11 Agosti na ana viza mwanzoni mwa Septemba. Kipimo cha kifua kikuu hufanywa kwenye kliniki iliyoidhinishwa na serikali yao, si kila hospitali yenye eksirei, na cheti chake hudumu miezi sita. Kifanywe Juni au Julai, kwa sababu picha ikitia shaka, uchunguzi wa makohozi unaweza kuchukua miezi miwili.

Neno moja kuhusu ufadhili, maana bado tunakuta tangazo la Chevening limebandikwa kwenye mbao za Kidato cha Sita. Chevening ni kwa shahada ya uzamili, na inataka shahada ya kwanza pamoja na saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Tangazo hilo libandikwe chumba cha walimu.

Na mzazi akiwaambia kwamba jamaa yake wa Nairobi alilazimika kusoma mwaka wa msingi kwanza, asitishike. KCSE, mtihani wa sekondari wa Kenya, humaliza Kidato cha Nne, ndiyo sababu vyuo vingi vya huko humtaka Mkenya aongeze mwaka. Mtihani wetu wa Kidato cha Sita vyuo kadhaa huupokea moja kwa moja, vingine havipokei, na kila chuo hueleza kwenye ukurasa wake wa Tanzania. Usomwe kabla ya kuchagua vyuo vitano, si baada.

Tunachoomba, basi, kabla ya 30 Septemba: kila shule imtaje mwalimu mmoja wa jukumu hili, ifungue barua pepe ya shule, na iandike ile sehemu ya kwanza ya maelezo. Kabla ya 15 Novemba alama tarajiwa ziwe zimekabidhiwa. Wanaoomba udaktari na vyuo vya Oktoba wapewe zao wiki ya kwanza ya Septemba, na wa udaktari wakumbushwe kwamba mtihani wa UCAT hufanywa kati ya Julai na Septemba, kabla ya fomu.

Kwa Baraza la Mitihani ombi ni moja: ukurasa wa Kiingereza, wenye nembo ya Baraza, unaoeleza ngazi za alama, maana ya daraja na pointi, na namna ya kuthibitisha matokeo, ambao mwalimu yeyote anaweza kuutaja kwenye maelezo yake.

Wenu katika kazi,

Walimu wa taaluma na washauri wa wanafunzi

Nakala:
Baraza la Mitihani la Tanzania
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia
Jeshi la Kujenga Taifa
Kamati za wazazi, Kidato cha Tano